Mche Haufidii Mti Mkongwe

Kila barabara inapopanuliwa au kiwanja kinaposafishwa, utasikia maneno yale yale: tukikata mmoja, tutapanda kumi. Husemwa kana kwamba hesabu imekwisha. Mimi nasema haijaisha. Kila anayechimba shimo na kupanda mche namshukuru kwa dhati. Ninachopinga ni mche kugeuzwa risiti ya kuhalalisha msumeno.

Tuanze na mwili wa mti wenyewe. Katika karne ya 17, mtafiti wa Ulaya aitwaye Jan Baptist van Helmont alipanda mwerebi wa ratili 5 kwenye chombo chenye ratili 200 za udongo mkavu, akawa anaumwagilia maji tu. Baada ya miaka 5 mti ulikuwa na ratili 169 na ushei, ilhali udongo, ulipokaushwa na kupimwa tena, ulikuwa umepungua wakia 2 hivi. Akaamini mti wote umetokana na maji. Sehemu kubwa ya jibu ilikuwa hewani: jani huvuta hewa ukaa, kwa nguvu za jua likatengeneza sukari, na sukari hiyo ndiyo inayokuja kuwa mbao. Karibu nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni. Ukilichoma shina la miongo kadhaa, kaboni hiyo inarudi angani siku hiyo hiyo, na miche kumi yenye kimo cha goti itahitaji miaka mingi kuirudisha, ikiwa itapona. Mingi haiponi. Watu hujaa siku ya kupanda, kiangazi kikifika hakuna wa kumwagilia.

Hata hivyo, kinachoniuma zaidi ni kumbukumbu inayopotea. Chukua kisiki kibichi cha mti uliokulia kwenye nchi za baridi ukitazame kwa karibu. Nje kuna gome. Chini yake kuna tabaka jembamba lililo hai, ambalo ndilo huzalisha mbao mpya. Kisha zinafuata pete, moja kwa kila mwaka, hadi kwenye kiini: upande uliopauka wa kila pete uliota mti ulipokuwa ukikua kwa kasi, na ukingo mweusi uliota kasi ilipopungua. Pete za miaka ya ukame mara nyingi huwa zimebanana, na kovu la moto hubaki kwenye mwaka wake.

Kumbukumbu hiyo ina usahihi wa ajabu. Mwaka 993 mionzi mikali kutoka angani iliacha alama ndani ya miti duniani kote. Watafiti waliochunguza vipande vya mbao kutoka L'Anse aux Meadows, makazi ya kale ya Waviking, mabaharia kutoka kaskazini mwa Ulaya, nchini Kanada, waliikuta alama hiyo, wakahesabu pete 28 kuelekea kwenye gome, wakafika mwaka 1021. Tangu utafiti huo utoke mwaka 2021, tunajua kwa hakika kwamba mwaka 1021 Waviking walikuwa wakikata miti Amerika. Hakuna hati ya maandishi iliyotupa tarehe hiyo.

Sasa fikiria kilichotokea mwaka 1964 katika jimbo la Nevada, Marekani. Mwanafunzi aliyekuwa akichunguza hali ya hewa ya kale alipewa kibali cha kukata msonobari mmoja mlimani. Ulipohesabiwa ulikuwa na pete zaidi ya 4,800. Ulikuwa umeota kabla ya piramidi za Giza kujengwa, na hadi asubuhi ile ulikuwa hai. Utapanda mingapi kufidia huo?

Wapo waliolielewa jambo hili bila maabara. Kule Anuradhapura, Sri Lanka, Wabudha wanautunza mtini ambao kwa mapokeo yao ulipandwa mwaka 288 Kabla ya Kristo, na umewekewa nguzo za kuegemeza matawi yake. Vizazi na vizazi vimerithishana kazi ya kuulinda, wafalme wakija na kuondoka.

Faida za kila siku tunazijua, ingawa tunazisahau upesi. Mti mkubwa hupoza hewa kwa kivuli na kwa mvuke wa majani yake, na kwenye mapango ya shina lake ndege na popo hupata pa kuishi. Mche hauna mapango.

Ninachoomba kinawezekana. Mti mkongwe uwekwe kwenye ramani kabla mstari wa barabara haujachorwa, mstari upinde pale inapowezekana, na atakayetaka kuukata aeleze hadharani kwa nini hana njia nyingine. Ujenzi ukianza, uzio uwekwe mbali na shina, kwa sababu mizizi mingi huenea karibu na uso wa ardhi, tena kupita upana wa matawi. Mtaro mmoja wa bomba ukiikata upande mmoja, au malori yakiushindilia udongo ulioifunika, mti unaweza kuonekana mzima kwa miaka kadhaa huku unakufa, na ukianguka lawama zitapewa uzee wake.