Funza wa unga nyumbani: hesabu iko kwenye pumba

Wanaousifia ufugaji wa funza wa unga husema mambo matatu kwa pumzi moja: hauhitaji nafasi, hauna harufu, na unakupa protini karibu ya bure. Wanaoupinga nao wana yao: hao ni waharibifu wa nafaka, watatoroka, watajaza nyumba vumbi, na mwisho utajikuta unalisha wadudu ili umlishe mnyama ambaye angekula chakula cha kawaida akashiba. Ubishi huu umekuwa mrefu kwa sababu kila upande unamtazama mdudu, ilhali jambo la kuamua ni idadi ya midomo inayomsubiri. Midomo ikiwa michache na midogo, ni ufugaji mzuri sana. Ikiwa ni banda la kuku, hesabu inakataa.

Mdudu mwenyewe ni buu wa mbawakawa mweusi ambaye wataalamu humwita Tenebrio molitor. Yai huanguliwa baada ya wiki moja hadi mbili kukiwa na joto. Buu hula, hukua na kujivua ngozi tena na tena kwa miezi mitatu hivi, hadi afikie urefu wa karibu sentimita 3. Kisha huwa pupa, mweupe, asiyekula wala kutembea, kwa muda wa wiki moja hadi tatu. Pupa hutoa mbawakawa, naye huishi miezi miwili au mitatu akitaga. Nyakati hizo ni za joto la nyuzi 25 hadi 28. Kukipoa, kila hatua huchelewa, na chini ya nyuzi 10 buu huwa kama amesimama kukua. Ndiyo maana waliokomaa huhifadhiwa kwenye jokofu wasigeuke kabla ya kutumika.

Sifa ya nafasi na ya harufu naziafiki, tena si kwa shingo upande. Funza hawa huishi humo humo ndani ya chakula chao: pumba za ngano zenye kina cha sentimita chache kwenye trei ya plastiki. Hawawezi kupanda ukuta laini, na mbawakawa, ingawa ana mabawa, ni nadra aruke. Hawahitaji chombo cha maji. Kipande cha karoti au kiazi kinawatosha. Kinyesi chao ni chembe kavu zisizonuka, na kinafaa kuwa mbolea. Ukiwalinganisha na nyenje, wanaolia usiku kucha na kuruka kila unapofunua kifuniko, hawa ni wapangaji wastaarabu.

Kuwafuga basi ni rahisi. Kuwazalisha ndiko kunakotaka subira, na wanaosifia hupita hapo haraka mno. Jike hutaga mayai mia kadhaa maishani mwake, madogo kiasi cha kutoonekana kwa urahisi, yenye utelezi unaonata kwenye pumba. Wazazi wakiachwa mahali pamoja na mayai watayala, na pupa pia wataliwa, maana hawana namna ya kujitetea. Kwa hiyo kila baada ya wiki moja au mbili inabidi mbawakawa wachekechwe na kuhamishiwa kwenye pumba mpya, zile za zamani ziachwe zitulie. Hapa ndipo wanaoanza hupoteza kizazi kizima: wanaona trei yenye vumbi lisilo na uhai, wanaimwaga. Kumbe vumbi hilo ndilo lenye mayai na vichanga wasioonekana bado, na itachukua wiki kadhaa kabla ya pumba kuanza kucheza.

Kuna pia funza wasiozalika, na muuzaji si lazima akwambie. Baadhi ya wale wakubwa kupita kawaida wamepewa homoni inayowazuia kugeuka, hivyo waweza kuwangojea wawe pupa hadi wafe. Halafu kuna binamu yao mkubwa zaidi, Zophobas, ambaye hageuki pupa akiwa kwenye msongamano wa wenzake. Lazima kila mmoja atengwe peke yake kwenye kichupa. Anayenunua mbegu bila kujua ananunua yupi ameanza vibaya kabla ya kufungua kifurushi.

Adui mwingine ni unyevu. Karoti ikiachwa ioze huleta ukungu, na pumba zenye unyevu huita utitiri, ambao wakishaenea hakuna dawa ya maana isipokuwa kutupa na kuanza upya. Kugandisha pumba mpya kwenye friza kwa siku kadhaa kabla ya kuzitumia hupunguza balaa hilo. Msongamano nao una hatari isiyotarajiwa: mabuu wengi wakirundikana hutoa joto lao wenyewe, na walio katikati ya lundo wanaweza kufa kwa joto hata chumba kikiwa na hali nzuri.

Sasa hiyo protini ya bure. Buu mkubwa ana uzito wa gramu 0.1 au zaidi kidogo, na zaidi ya nusu yake ni maji. Akiwa hai, protini ni karibu asilimia 20 ya uzito wake na mafuta asilimia 13 hivi. Akikaushwa, protini hukaribia nusu, na tarakimu hiyo ya nusu ndiyo hutangazwa, kwa kuwa inapendeza kusomwa. Chukua kuku 10 wa mayai. Kila mmoja hula gramu 110 hadi 120 za chakula kwa siku. Tuseme unataka funza wachukue nafasi ya gramu 10 tu, chini ya sehemu moja ya kumi. Gramu 10 za funza wakavu ni gramu 25 za funza hai, yaani vichwa 250. Kwa kuku wote ni funza 2,500 kila siku, kilo 7.5 kwa mwezi. Na kwa kuwa kila mmoja huchukua miezi mitatu kukua, ili wasikatike lazima uwe na mabuu wa kila umri wapatao 225,000 kwa wakati mmoja, mbali na wazazi wao na wale watakaokufa njiani. Kona ya stoo haiwatoshi hao.

Tena lazima wale. Utafiti wa Oonincx na de Boer uliochapishwa mwaka 2012, uliotumia takwimu za shamba la kibiashara nchini Uholanzi, ulikuta kwamba kilo 2.2 za chakula zilihitajika kwa kila kilo moja ya funza hai. Ukifanikiwa kufikia kiwango hicho cha wenye ujuzi, utatumia kilo 16.5 za chakula kila mwezi, karoti ukiziongeza juu, ili kuokoa kilo 3 za chakula cha kuku.

Mtetezi atasema nimemwonea, na ana hoja. Kilo 3 za funza wakavu hazilingani na kilo 3 za mchanganyiko wa kawaida. Zinachukua nafasi ya soya au unga wa samaki, sehemu ghali kuliko zote katika chakula cha kuku. Pumba ni rahisi, na kuku hawezi kuishi kwa pumba tupu kwa sababu ya nyuzinyuzi zake. Buu anabadilisha kitu hafifu kuwa kitu bora. Ninakubali, lakini nikumbushe kwamba kwenye pumba tupu mabuu hukua polepole, na ndiyo maana mashamba makubwa huongeza nafaka nyingine au hamira. Hoja ya mtetezi inasimama imara kwa mtu mmoja tu: yule anayepata pumba nyingi kwa gharama inayokaribia sifuri, na asiyehesabu saa zake za kuchekecha. Anayezinunua kwa mfuko anahamisha tu gharama kutoka chombo kimoja hadi kingine. Na kama alicho nacho kwa wingi ni mabaki yenye majimaji, basi mabuu wa nzi chuma (black soldier fly) wanamfaa kuku wake kuliko hawa, kwani huwa tayari kwa wiki mbili au tatu na hutambaa wenyewe nje ya chombo wakati wa kuvunwa ukifika.

Utafiti huo wa 2012 hupenda kunukuliwa na watetezi wa mazingira, kwa haki kabisa, ila nusu nusu. Ulionyesha kuwa protini ya funza hawa husababisha hewa ukaa kidogo kuliko ile ya maziwa, kuku, nguruwe au ng'ombe, na kwamba protini inayotoka kwenye hekta 1 ya funza ingehitaji hekta 2.5 kwa maziwa na hekta 10 kwa nyama ya ng'ombe. Lakini ulionyesha pia kuwa nishati iliyotumika ilizidi ile ya maziwa na kuku, ikakaribia ile ya nguruwe na ng'ombe, na sehemu kubwa ya nishati hiyo iliingia kwenye kupasha joto. Mahali penye joto la asili lawama hiyo hupungua sana. Mahali pa baridi, trei iliyo juu ya kipasha joto cha umeme mwaka mzima ni vigumu kuiita rafiki wa mazingira.

Kwa wenye mitaji mikubwa mambo hayakuwa mepesi zaidi. Ÿnsect, kampuni ya Ufaransa iliyoanzishwa mwaka 2011, ilikusanya mamia ya mamilioni ya euro na kujenga kiwanda kikubwa cha funza hawa karibu na Amiens. Mwaka 2023 ilitangaza kugeukia zaidi chakula cha mbwa na paka, palipo na faida nene kuliko chakula cha mifugo. Mwaka 2025 ilikuwa mikononi mwa mahakama kwa kushindwa kulipa madeni. Kampuni huanguka kwa sababu nyingi, na sitaki kuzibana ziwe moja. Hata hivyo huko kugeuka kwa mwaka 2023 kunaonyesha kuwa hata wenye mashine za kuchekecha waliona funza analipa vizuri pale anapouzwa kwa gramu, si kwa tani.

Huko kwenye gramu ndiko ufugaji wa nyumbani unakong'aa. Mjusi wa kufugwa, ndege wa kizimbani au samaki wa tangi hula funza wachache kwa siku. Mbawakawa mia mbili au tatu kwenye trei tatu zilizopandana, moja ya wazazi, moja ya pupa na moja ya mabuu, zinaweza kumlisha mnyama wa namna hiyo bila kukatika, kwa kazi ya dakika chache kila wiki. Zaidi ya hayo unajua funza wako amekula nini, jambo ambalo kwa wa kununua huwezi kulijua.

Lakini hata hapa mnyama asilishwe funza peke yake. Fosforasi iliyo mwilini mwa funza huzidi kalsiamu kwa zaidi ya mara 10, na mjusi anayelishwa hivyo bila nyongeza hulainika mifupa. Dawa yake ni kuwapakaza funza unga wa kalsiamu kabla ya kuwatoa, au kuwalisha chakula chenye kalsiamu nyingi kwa siku moja au mbili za mwisho. Mafuta yao nayo si haba, hivyo mnyama asiyefanya mazoezi hunenepa.

Kuhusu habari kwamba funza hawa hula povu la plastiki na hivyo kila nyumba inaweza kumaliza taka zake, sina haja ya maneno mengi. Ni kweli wanakula: utafiti wa watafiti wa China na Marekani uliotoka mwaka 2015 ulipima miligramu 34 hadi 39 kwa siku kwa kila funza 100. Piga hesabu. Funza 10,000 watahitaji zaidi ya siku 250 kumaliza kilo moja, na wakilishwa plastiki tupu hawanawiri. Sayansi yake inavutia, hasa kuhusu bakteria wa tumboni mwao. Kama njia ya usafi wa nyumba ni mzaha, na kinyesi cha funza wa namna hiyo nisingekiweka kwenye mboga.

Nimewabana watetezi, sasa zamu ya wapinzani. Hofu ya kutoroka wameitia chumvi. Tenebrio hula nafaka iliyozeeka, iliyovunjika na yenye unyevu. Nafaka kavu iliyofungwa vizuri haimfai sana, na tayari yuko karibu kila bara, kwa hiyo hakuna mgeni mvamizi unayemwingiza. Uchafu nao unategemea mfugaji. Liko jambo moja la kweli ambalo hulitaja kwa nadra: mbawakawa hawa wanaweza kubeba tegu wa panya, Hymenolepis diminuta, wakila kinyesi cha panya mwenye tegu huyo. Kinga yake ni kifuniko chenye wavu na pumba zilizohifadhiwa mbali na panya, jambo dogo lakini lisilopuuzwa, hasa mahali penye watoto.

Hoja yao nzito kuliko zote ni mzio, na ajabu ni kwamba huiweka mwisho. Mamlaka ya Ulaya ya usalama wa chakula ilipotoa maoni yake Januari 2021 kwamba funza wa unga waliokaushwa ni salama kuliwa na watu, maoni yaliyofungua njia ya idhini ya Umoja wa Ulaya mwezi Juni mwaka huo, iliambatanisha onyo: wenye mzio wa kamba na kaa, au wa utitiri wa vumbi la nyumbani, wanaweza kudhurika, kwa kuwa protini zao zinafanana. Onyo hilo halimhusu mlaji pekee. Kila unapochekecha, vumbi la kinyesi na ngozi zilizovuliwa huruka, na mfugaji aliyeanza akiwa mzima anaweza kupata mafua yasiyoisha na kifua kubana kadiri anavyozidi kulivuta. Barakoa na kuchekechea nje hupunguza. Ila kama ndani ya nyumba yumo mwenye pumu, au mtu ambaye midomo humvimba akila kamba, trei hizo zisiingie ndani kabisa, hata kama pumba ni za bure.