Jembe la Mgonjwa

Kuna mama anayeuza mitumba Kiboriloni, hapa Moshi. Kila mwezi hufunga meza siku nzima kumpeleka mdogo wake hospitali kuchukua dawa za skizofrenia, ugonjwa wa akili. Ukimuuliza gharama, haanzi na dawa. Anaanza na nauli ya watu wawili, kisha chakula cha njiani, kisha mauzo ya siku hiyo ambayo hayarudi tena. Nikimsikiliza akihesabu kwa vidole huwa nawaza kwamba matabibu wa akili na wachumi wamepiga hesabu za aina hii kwa zaidi ya karne mbili, ila vidole vya mama huyu havimo.

Walikutania kwenye kazi. Mwaka 1796 William Tuke, mfanyabiashara wa chai wa York, Uingereza, alifungua nyumba ya wagonjwa wa akili ambamo upole na shughuli za mikono vilishika nafasi ya minyororo. Hospitali kubwa za karne ya 19 zikaiga, zikawa na mashamba, majiko na dobi zao. Daktari alisema kazi inatuliza akili. Mhasibu aliona viazi ambavyo havikununuliwa. Wote wawili walisema kweli, na ndiyo maana jambo hili linasumbua.

Hata kwetu jembe lilifika mapema. Lutindi, kule Usambara, hospitali ya akili iliyoanzishwa na wamisionari wa Kijerumani, kilimo na ufundi vimekuwa sehemu ya tiba. Azimio la Arusha la 1967 nalo lilifanya kazi kuwa wajibu wa kila mtu mwenye uwezo, likawasamehe watoto, wazee na vilema. Mgonjwa wa akili yuko upande gani wa mstari huo? Enzi hizo za Ujamaa vilianzishwa vijiji vya wagonjwa kulima, na wazo lenyewe halikuwa baya: mtu anayepalilia na wenzake si sawa na mtu aliyefungiwa chumbani.

Lakini nani anakula mavuno? Marekani swali hilo lilifika mahakamani. Mwaka 1973, katika kesi ya Souder dhidi ya Brennan, jaji aliamua kwamba mgonjwa anayefanya kazi ambayo hospitali inafaidika nayo alipwe kama mfanyakazi yeyote. Haki ilitendeka. Hospitali nyingi, badala ya kulipa, ziliondoa kazi zenyewe, na waliokuwa wakifua au kulima wakabaki wamekaa mbele ya televisheni. Sijui kesi nyingine inayoonyesha vizuri kiasi hiki jinsi haki na hesabu zinavyoweza kumwacha mgonjwa katikati.

Baadaye uchumi ulirudi na kipimo kipya. Ripoti ya Benki ya Dunia ya 1993 haikuhesabu vifo peke yake, ilihesabu pia miaka ya afya inayopotea mtu akiwa hai. Magonjwa ya akili, ambayo hayajazi makaburi kama malaria, yakaonekana ghafla: kwa hesabu za aina hiyo, sonona ilishika nafasi ya nne duniani mwaka 1990 kati ya magonjwa yanayopoteza miaka hiyo. Hilo ni deni kubwa ambalo matabibu wanadaiwa na wachumi, na anayelikana hajawahi kuomba bajeti. Mwaka 2016 wakaongeza nguvu: dola moja ikitumika kutibu sonona na wasiwasi, zinarudi dola nne.

Wanaopinga wana hoja nzito. Kipimo kile cha kwanza kiliupa mwaka wa kijana thamani kuliko mwaka wa mtoto mchanga au wa mzee. Uzito huo uliondolewa baadaye, ila unaonyesha jicho lilitazama wapi. Na sehemu kubwa ya hizo dola nne hutoka kwa anayepona akarudi kazini. Mdogo wake yule mama huenda asirudi kazini kabisa. Tukimtibu kwa sababu ya faida, siku faida isipoonekana tutamwambia nini?

Kiswahili chetu nacho kinatega. Tukisema mtu "ana mawazo", mara nyingi tunamaanisha ada ya shule au kodi ya nyumba. "Ana akili" ni yule aliyejenga. Fedha na akili tumeshazichanganya wenyewe, bila Benki ya Dunia.

Mimi sitaki wachumi waondoke. Nataka wahesabu mengine: siku ya meza kufungwa, nauli ya watu wawili, dada aliyeacha biashara nyingine ili awe karibu na nyumbani. Hayo yakiingia kwenye hesabu, dawa kufikishwa zahanati ya jirani itaonekana nafuu hata kama mgonjwa hatazalisha senti.

Ingawa huyu anazalisha. Siku akiwa na nafuu hukaa mezani akikunja mashati yaliyotoka kwenye belo. Nilimuuliza dada yake kama humlipa. Alicheka, kisha akanyamaza, akaendelea kupanga kola.