Simu Ndegeni? Ujumbe Sawa, Mazungumzo Hapana

Ndege ya kutoka Nairobi ikigusa tu lami pale Mombasa, kabla haijafika hata mahali pa kuegeshwa, simu zinaanza kulia huku na huku. Aliye nyuma yako tayari anapaza sauti: "Haloo, nimefika. Nimefika, bwana! Mwambie alete gari." Safari yenyewe ni ya saa moja hivi. Sasa kuna wanaotaka hata hiyo saa moja tupige simu angani, na mimi nawapinga.

Siwapingi kwa sababu ya usalama. Wengi wetu tuliaminishwa kwamba simu moja tu isiyozimwa inaweza kuiangusha ndege. Lakini Marekani ilipopiga marufuku simu za mkononi angani mwaka 1991, kanuni hiyo ilitoka kwa FCC, tume inayosimamia mawasiliano, na hofu yake kubwa ilikuwa mitandao ya huku chini. Simu iliyo juu angani inaonekana na minara mingi kwa wakati mmoja, ikaivuruga. Tatizo hilo lina dawa. Ndani ya ndege hufungwa kituo kidogo cha mtandao, simu za abiria zikaongea nacho kwa nguvu ndogo sana, nacho kikapeleka mawasiliano kwenye setilaiti. Emirates walianza kuruhusu simu Machi 2008, na mwaka huohuo Ulaya nayo ikaweka kanuni zake. Novemba 2022 Ulaya ikaongeza 5G. Wamarekani walitaka kulegeza marufuku yao mwaka 2013, wahudumu wa ndege na abiria wengi wakapiga kelele, na mwaka 2020 FCC ikalitupa pendekezo hilo.

Kwa hiyo inawezekana. Shida ni sisi watu.

Nilikuwa kwenye SGR nikielekea Mombasa, na jamaa mmoja wa kiti cha mbele akawa anauza ploti ya Kitengela kwa simu. Kabla hatujafika Voi, behewa zima lilikuwa linajua bei aliyoanzia, bei atakayokubali kimyakimya, na kwamba hati miliki bado iko kwa jina la marehemu babake. Mama mmoja aliyekaa ng'ambo alikuwa ametikisa kichwa mara kadhaa. Nadhani angeinunua kama si hiyo hati. Tulicheka, ndiyo, lakini kwenye treni unaweza kuinuka ukaenda kusimama behewa jingine. Kwenye matatu utagonga bodi ushukie stage inayofuata. Ndegeni umefungwa mkanda, goti lako limegusa kiti cha mbele, na huna pa kwenda.

Halafu kuna jambo ambalo watetezi wa simu hawalisemi. Injini zinanguruma muda wote, na mtu asiyeisikia vizuri sauti yake mwenyewe huongea kwa nguvu. Mazungumzo yakipitia setilaiti za mbali, zile zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya dunia, sauti inachukua kama robo sekunde kufika upande wa pili, na jibu linachukua robo nyingine kurudi. Nusu sekunde inatosha kuwafanya wawili wakatizane kila sentensi. "Haloo? Unanisikia? Hapana, malizia wewe. Haloo?" Setilaiti mpya za chini zinapunguza uchelewaji huo, lakini injini hazitanyamaza. Zidisha kwa abiria mia moja, halafu uniambie nani atalala kwenye ile ndege ya Nairobi kwenda New York.

Rafiki yangu anayeuza magari Ngong Road ananiambia mimi ni mtu wa zamani. Eti akienda Kisumu anapoteza wateja akiwa hewani. Mteja asiyeweza kumngoja dakika hamsini hakuwa anataka gari, alikuwa anaulizia bei tu. Hoja yenye uzito zaidi ni ya mwenye mgonjwa hospitalini, au aliye kwenye kamati ya mazishi na pesa za jeneza hazijatimia. Huyo namwelewa kabisa. Lakini ujumbe wa maandishi unamfikia vilevile, na kwa kweli ni afadhali. Kwetu habari ya msiba hutafutiwa mtu wa kuileta, mfiwa akakalishwa chini kwanza. Hebu fikiria aipokee kwa simu akiwa katikati ya watu wawili asiowajua, mmoja anakula karanga.

Kwa hiyo Mamlaka ya Safari za Anga ikiletewa ombi la aina hii, isijifiche nyuma ya mitambo. Iseme wazi kwamba intaneti ruksa, WhatsApp ya kuandika ruksa, M-Pesa ikiwezekana ruksa, ila kupiga na kupokea simu kwa sauti hapana, isipokuwa kwa dharura na kwa idhini ya mhudumu. Na wale wanaotazama video bila vipokea sauti masikioni waingizwe kwenye kanuni hiyohiyo, maana hao wameshatuzoea.