Hesabu zilizolala mkekani

Mgeni rasmi akija shuleni, sanaa haikosekani. Wiki mbili kabla, vipindi vya mchana vinakatwa, kwaya inafanya mazoezi chini ya mwembe, mwalimu wa Kiswahili anatunga ngonjera usiku mmoja, na watoto wenye viuno vyepesi wanachaguliwa kucheza sindimba. Mgeni anapiga makofi, anatoa bahasha, anapanda gari. Kesho yake ngoma zinarudi stoo na sisi tunarudi kwenye "sikilizeni, andikeni". Nimefundisha shule za msingi huku Kusini, Lindi kwanza halafu Mtwara, na dhambi hiyo nimeshiriki mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Kwa hiyo nikisikia mtu analalamika kwamba shule zetu hazina sanaa, nacheka. Ipo, ila tumeiweka pembeni mwa sahani kama kachumbari. Ikiwepo, vizuri, isipokuwepo, pilau linaliwa.

Mtaala mpya ulioanza kutumika 2024 umeleta somo la Sanaa na Michezo, na mimi ni mmoja wa waliolipokea kwa furaha. Lakini kipindi cha sanaa kilichokaa peke yake kwenye ratiba hakimsaidii mwalimu wa hisabati saa tatu asubuhi, darasa limefurika na nusu ya watoto wanatazama dirishani. Ninachogombania ni sanaa iingie humo humo kwenye hisabati, sayansi na historia, na ikishaingia ibebe mzigo.

Kubeba mzigo nilijifunza kwa kushindwa. Mwaka mmoja niliamua kufundisha mzunguko wa maji kwa igizo. Mtoto mmoja alikuwa jua, kajifunga kanga ya njano. Wanne walikuwa mawingu, na mashuka ya mama zao. Waliobaki wakawa bahari, wanayumba. Kicheko kilivuka ukuta, darasa la jirani likaja kuchungulia. Nikatoka najiona fundi. Kesho yake nikauliza: kwa nini mvuke unapanda juu? Kimya. Mwishowe mmoja akajitosa: "Mwalimu, kwa sababu mawingu yalikuwa yamesimama kwenye dawati."

Tangu siku hiyo nina kipimo changu. Nikishaandika andalio la somo, naiondoa sanaa, kisha natazama kilichobaki. Kama somo limebaki lilelile, basi nilikuwa nalipaka hina tu.

Sasa nieleze somo ambalo ukiitoa sanaa linaanguka. Mama yangu mkubwa, Mikindani, anasuka ukili, ule mkanda wa majani makavu (miyaa) unaounganishwa na mingine kuwa mkeka, tangu mimi sijazaliwa. Darasa la nne hakulimaliza. Jioni moja nilikuwa barazani kwake nasahihisha madaftari, mada ni KDS, kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa namba zote ulizopewa, na kalamu yangu nyekundu ilikuwa inakaribia kuisha wino. Yeye alikuwa anaunganisha ukili wa mkeka. Ukili mmoja ua lake lilikuwa linarudi kila vidole vinne, wa pili kila vidole sita. Anausogeza, anautazama, anausogeza tena. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Natafuta maua yakutane, mwanangu. Haya yanaonana kila vidole kumi na viwili. Hapo katikati yanapishana tu."

Nikatazama mkeka, nikatazama daftari. Mimi nilikuwa nimewaandikia watoto ngazi ya kugawanya kwa namba tasa, wakainakili vizuri, na hakuna hata mmoja aliyejua inatafuta nini. Yeye alijua kinachotafutwa, ngazi hakuwa nayo.

Nilimleta darasani. Nauli ya daladala nililipa mimi, na posho kidogo juu, kwa sababu sioni kwa nini fundi wa kompyuta akija shuleni alipwe na msusi wa mikeka aje kwa swadaka. Watoto wakamwamkia, "Shikamoo bibi," akaitika, akakaa sakafuni na miyaa yake, nasi wote tukashuka chini. Akawapa kazi: ua moja linarudi kila vidole sita, jingine kila vidole vinane, nikate ukili wa urefu gani yaanze pamoja na yaishe pamoja? Wakahesabu, wakabishana. Kundi moja likaja na 48, linajidai kweli kweli. Bibi akatikisa kichwa.

"Yatakutana, ndiyo. Lakini yalishakutana huko nyuma ninyi mkapita. Mmenilia miyaa yangu bure."

Nimefundisha KDS miaka mingi na sijawahi kulieleza lile neno "kidogo" vizuri namna ile. Wakarudi nyuma wakaikuta 24. Kisha mtoto mmoja, wale wasumbufu wa dawati la nyuma, akauliza: vidole vya nani? Vya bibi au vyangu? Akaweka mkono wake kando ya ule wa bibi, tukaona wote kwamba ukili wa 24 wa huyu si ukili wa 24 wa yule. Kipindi cha vipimo, ambacho kilikuwa kimepangwa mwezi uliofuata kwenye azimio la kazi, kilijileta chenyewe.

Tusidhani haya ni maajabu ya Mikindani. Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, Paulus Gerdes, mwanahisabati aliyefariki 2014, alitumia miaka mingi kusoma kazi za wasusi na wafumaji. Alionyesha kwamba kutoka kwenye kifungo kidogo cha mraba kilichosukwa kufungia kikapu, mwanafunzi anaweza kufika hatua kwa hatua mpaka kwenye kanuni ya Pythagoras. Kanuni ile ile tunayoikariri kama shairi la lugha ya kigeni. Vikapu vya namna hiyo havijui mpaka.

Na kuna jambo jingine tunalolipita kila siku huku kwetu. Mtoto ambaye mwalimu anamwita mzito wa kukariri amerudi kutoka jandoni na nyimbo kadhaa kichwani, na binti aliyetoka unyagoni vivyo hivyo. Sisemi jando na unyago havina kasoro. Mahudhurio yanaporomoka msimu ukifika, na mengine yanayofundishwa humo kwa watoto wadogo mimi siyaungi mkono hata kidogo. Lakini njia ya kufundishia iangalie: mwari anapewa wimbo kwanza, maana baadaye. Anaubeba wimbo wenye fumbo, unamkera, anautafuna, ndipo anafumbuliwa. Shuleni tunafanya kinyume. Maana inaandikwa ubaoni dakika ya kwanza, na mtoto anaanza kuisahau dakika ya pili. Wamisionari wa Kianglikana kule Masasi, enzi za askofu wao Vincent Lucas, waliiona nguvu hiyo. Badala ya kulipiga jando marufuku wakalitengenezea sura ya Kikristo. Walijua wanashindana na mwalimu hodari.

Ngonjera nayo tumeionea. Mshairi Mathias Mnyampala na wenzake, baada ya Azimio la Arusha la 1967, waliitumia kama mabishano: mmoja anapinga, mwingine anajibu, mpaka hoja iishe. Leo ngonjera ya shule ni watu wawili wanaokubaliana kumsifu mgeni. Mrudishie mtoto yule mpinzani wake. Mmoja awe mfanyabiashara wa Kilwa mwaka 1331, msafiri Ibn Battuta anapita, mji umeshamiri. Mwingine amuulize utajiri ule ulitoka wapi na nani aliulipia. Atalazimika kusoma historia, maana kwenye ngonjera ya kweli ukikosa jibu unaaibika mbele ya watu.

Najua yanayosemwa. Mzazi mmoja aliniambia, kwa heshima zote, "Mwalimu, mwanangu nimemleta asome, ngoma anazijua." Nilimwelewa. Ameuza korosho zake kununua sare na madaftari, anataka mtoto afaulu darasa la saba. Mtihani haumuulizi mtu kusuka, hilo kweli, lakini KDS unaiuliza. Wengine wanasema vifaa hakuna. Hapa ndipo ninapokosa uvumilivu. Miyaa ipo, udongo wa mfinyanzi upo, mkaa upo, na ukimwomba mchongaji wa Kimakonde chenga za mpingo atakupa. Zitie kwenye ndoo ya maji, zinazama, wakati kipande cha mwembe kinaelea, na hapo umeshaanza kipindi cha sayansi. Kigumu hasa ni muda wa mwalimu, na woga wetu wa kuonekana hatujui mbele ya mtu asiye na cheti. Wingi wa watoto nao ni tatizo la kweli, sina dawa yake.

Somo nililolipenda kuliko yote lilitokea Lindi. Kilima cha Tendaguru kiko huko huko mkoani, na kutoka pale, kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walichimbua mifupa ya dinosaria ambaye leo amesimama kwenye jumba la makumbusho Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na mifupa ilibebwa na wapagazi kwa miguu mpaka bandarini Lindi. Watoto wa darasa langu walikuwa hawajawahi kusikia habari zake.

Nilikuwa na picha yenye urefu wa sentimita 11. Mnyama mwenyewe tulimkadiria mita 22 toka pua hadi mkia. Kazi: mchoreni uwanjani, mzima, kwa ukubwa wake. Sentimita moja ya picha ni mita mbili za ardhi, na kamba ya katani ina fundo kila mita. Walianza na mkia karibu na vyoo. Waliokosea uwiano walipata mguu mmoja mfupi kuliko mwingine, wakafuta kwa nyayo, wakapima upya, wakagombana kwa desimali. Mimi sikuwa nimepima uwanja. Shingo ilipofika kwenye uzio bado kichwa hakijapatikana, na wao, bila kuniuliza, wakapita katikati ya michongoma na kamba yao wakaingia shambani kwa jirani.

Mzee akatoka na panga mkononi, akauliza ni nani aliyewaruhusu kuchorachora kwenye mikorosho yake.

"Samahani babu," binti aliyeshika ncha ya kamba akamjibu, "lakini huyu alikuwepo kabla ya mikorosho. Miaka milioni mia moja na hamsini."

Mzee akaufuata mchoro kwa macho, kutoka miguuni pake, kupita uzio, mpaka kule vyooni. Akakaa kimya kidogo.

"Basi apite," akasema. "Ila asinikanyagie miche."