Mashine moja, mafaili matatu: mifumo ya ubora, mazingira na usalama kiwandani iunganishwe hadi wapi?

Simama kando ya mashine ya kuosha chupa katika kiwanda cha soda. Chupa zilizorudi kutoka madukani, nyingine na kipisi cha sigara ndani, zinapitishwa kwenye maji ya moto yenye kostiki soda, alkali kali ya kusafishia, asilimia mbili hivi, joto nyuzi 60 hadi 80. Zikishatoka, kijana wa maabara anadondoshea fenoftalini, dawa ya kupimia alkali, kwenye chupa moja moja. Rangi ikiwa pinki, kostiki imebaki na chupa zinarudishwa.

Sasa tuseme chupa zinatoka chafu. Meneja wa ubora atataka kostiki iongezwe na joto lipandishwe. Mwenzake wa mazingira anawaza mtaro: maji hayo yana pH (kipimo cha asidi na alkali) inayopita 13, ilhali kanuni za Kenya za 2006 zilitaka yanayoachiwa nje yawe kati ya 6.5 na 8.5. Wa usalama anamwaza anayemimina. Kostiki hutiwa kwenye maji. Ukimwaga maji juu yake huchemka ghafla na kumrukia mtu usoni. Uamuzi ni mmoja, lakini kila ofisi ina faili lake, na mara nyingi hazisomeani.

Ndiyo maana hoja ya kuunganisha ina uzito. Viwango vya kimataifa vya usimamizi, ISO 9001 ya ubora na ISO 14001 ya mazingira, vilitolewa upya 2015. ISO 45001 ya usalama ilikuja 2018 kuchukua nafasi ya OHSAS 18001. Zote zina vifungu 10 vyenye vichwa karibu vilevile, kwa hiyo mwendesha mashine anaweza kupewa mwongozo mmoja wa kazi badala ya mitatu. Isitoshe, taratibu za IAF, jukwaa la kimataifa la mashirika ya ithibati, zinaruhusu siku za ukaguzi wa pamoja zipunguzwe kwa asilimia zisizozidi 20. Kwa tajiri anayelipia wakaguzi kwa siku, hizo ni pesa.

Wanaosita nao wasibezwe. Mfumo ukiunganishwa, mara nyingi rungu hukabidhiwa meneja wa ubora, maana mteja ndiye anayepiga kelele. Kikao kinaanza na malalamiko ya wateja, na zamu ya glovu zilizotoboka ikifika, chai imeshapoa na watu wanatazama saa.

Lililo zito zaidi ni sauti ya wafanyakazi. Kifungu cha 5.4 cha ISO 45001 kinadai washauriwe na washirikishwe. Viwango vile vingine viwili havina kifungu cha namna hiyo. Tena sheria ya Kenya ya usalama na afya kazini ya 2007 inataka kamati ya usalama penye watu 20 au zaidi, yenye wawakilishi wa wafanyakazi. Kikao cha wakuu wa idara hakiwezi kujiita kamati hiyo, hata kikiitwa jumuishi.

Mimi ningeunganisha karatasi, ukaguzi, na hasa fomu ya mabadiliko: kipimo cha kostiki kisiguswe bila saini tatu. Kamati ya usalama ningeiacha isimame peke yake. Na kwa kuwa saa nane za usiku mameneja wote wamelala, fomu hiyohiyo iseme wazi msimamizi wa zamu anaruhusiwa nini: kuzima mashine, ndiyo, kuongeza kostiki, asubiri asubuhi.