Hiki sio kibanda, na wala siuzi kitu

Kwanza niwaambie majirani wote wa huku Kisauni, na wapita njia wanaosimama kuchungulia, na yule mama aliyenigongea alfajiri anataka mahamri ya mia. Hiki sio kibanda. Sio duka la M-Pesa, sina floti, siuzi kredo, sipiki chai, na lile dirisha linalofunguka kwa juu si la kupokelea pesa, ni la kuingizia hewa. Kinaitwa kempa. Ni kijumba cha Wamarekani cha kupachikwa nyuma ya pikapu, unaendesha nacho mchana paa limelala, ukifika unakoenda unaingia ndani unalisukuma paa juu, kuta za turubai zinanyooka, mtu mzima anasimama wima anapika, akimaliza analala. Kikiwa hakina gari kinasimama kwa jeki zake nne za pembeni, na hapo ndo mnaponiona mimi na kibanda. Haya, ni wapi hapo mumeskia mahamri?

Nimekinunua mitumba kwa mzungu wa Diani alokuwa yuwarudi kwao. Manake mama watoto miaka nenda miaka rudi anataka tutembee, tukaone Ziwa Jipe kule Tsavo, mpakani na Tanzania, milima ya Upare iko ng'ambo pale unaiona, na mimi kila nikiuliza bei ya kulala lodge za Tsavo naambiwa pesa ambayo hata simba mwenyewe angeenda kulala nje. Basi nkasema kempa. Watoto wako boding, sisi wawili tunapika wenyewe, tunalala wenyewe, karibu bwerere.

Kukivusha Likoni sitaki kukumbuka, kilikuja juu ya lori la mchanga na kwenye feri watu wa miguu wote wameipa bahari mgongo wanatuangalia sisi, mmoja anauliza kama ni cha mahindi ya kuchoma, mwengine anamwambia we nawe, hicho si cha kupigia kura.

Sasa mimi nina Hilux ya zamani, singo kebi. Kempa imeundiwa pikapu za Marekani ambazo ni pana, yangu mimi matao ya magurudumu yanabana, kwa hivyo ikakaa juujuu inayumba. Nkaipeleka kwa fundi wa Changamwe. Akaizunguka, akawasha sigara, akaniambia "bosi, kempa haina neno, gari ndo ina makosa." Bodi yote ya nyuma akaikata akaniwekea deki bapa ya vyuma. Na huyu bwana akishashika chuma hajui kuacha, nilitaka deki ya kubeba kempa yeye kaunda deki ya kubeba kontena. Namuuliza mbona vyuma vinene hivi, ati "vikipinda utarudi kunilaumu mimi."

Na balaa la kilo likaanzia hapo. Manake gari lina mwisho wake wa mzigo. Hilux yangu ni tani moja hivi, na ndani ya hiyo tani moja utoe deki ya huyu bwana, utoe kempa yenyewe nusu tani ikiwa kavu, betri, gesi, vyombo, sisi wenyewe tulokaa mbele, halafu maji. Tangi la maji ni la galoni 20, hiyo ni lita 75 na ushee, na lita ya maji ni kilo moja, hapo hakuna kubembelezana. Yani ukijaza tangi umepakia mtu mzima mwengine huko nyuma, na mafuta hachangii.

Nkamwendea muuza samaki wa pale steji akaniazima mizani yake ya kuning'iniza, nkaanza kupima kila kitu kinachoingia. Kila kitu. Sasa hivi mito ya kulalia inanuka changu na paka wa mtaa mzima wamehamia kwetu, lakini hesabu ninayo. Tatizo ni kwamba hesabu ninayo mimi peke yangu. Mama watoto anapita na mbuzi ya kukunia nazi anaiingiza. Namwambia mama, ziko tui za pakiti siku hizi, nyepesi. Akaniangalia tu. Hakusema kitu. Akarudi jikoni akaja na kinu na mchi wake juu. Nkatundika kinu, kilo nane. Nkamwambia kilo nane mama, akasema "basi vizuri, sasa twajua."

Haya, stima. Kempa ni ya volti 120 za kwao, ukutani kwetu ni 240, na pale ubavuni kuna kibati kimeandikwa waziwazi. Fundi wa stima akakata ile plagi yao ya pini bapa akafunga yetu ya pini tatu. Nkamwambia ngoja kwanza tusome hapa. "Stima ni stima, bosi." Akachomeka. Puu! Ile chaja ya betri iliyomo ndani ikatoa moshi mweusi mpaka jirani wa juu akaanza kutoa nguo kwenye kamba. Na fundi, wallahi hata hakushtuka, akasema "umeona? Ilikuwa mbovu tangu zamani." Akanitoza pesa ya kugundua ubovu. Ikabidi ninunue sola na betri na vidude vyake vya kuchajia upya, na betri usinambie, ile ukiinyanyua kiuno kinakuuliza umeshauriana na nani.

Friji lake lina njia tatu, umeme wa ukutani, betri, au gesi. Ukiliwasha kwa betri gari imezimwa linaifyonza betri yote, asubuhi hata taa huna. Kwa gesi ndo linafanya vizuri, lakini lazima kempa ikae sawasawa, ikiinama friji halipozi. Sasa hebu nitafutie pahala palipo sawasawa huku kwetu. Nyumbani kwangu chai kikombeni imeinamia baharini tangu nihamie. Fundi kaja na pima maji, kaweka mawe chini ya jeki upande huu, kaenda upande wa pili kaweka mengine, povu la pima maji linamkimbia, mwishowe akasema friji lenyewe ndo limefungwa kombo.

Wa gesi ndo nilitaka kumpigia kelele. Alitaka mtungi ukae chini ya kitanda. Nkamweleza taratibu, gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu, inatuwama hapo chini inasubiri kiberiti, na ndo maana Mmarekani akaujengea mtungi kijichumba chake, kwa ndani kimezibwa kabisa na chini kina tundu la kutolea gesi nje. Akaniambia "lile tundu? Nimeshaliziba bosi, panya wangeingia." Kaliziba kwa silikoni, tena kazi safi, hajawahi kufanya kazi safi hivyo. Tukalizibua kwa kisu. Halafu mdomo wa mtungi wetu na regyuleta ya Marekani haviingiliani, toa mpira, toa regyuleta, weka vya kwetu, na mtungi wa kilo 13 hauingii kwenye kijichumba, unaingia wa 6 tu. Nkafurahi, kilo zimepungua. Furaha yangu ilidumu mpaka mama mkwe alipofika.

Lakini kabla ya mama mkwe, turubai. La zamani lilikuwa limeliwa na ukungu, na unyevu wa huku na chumvi ya bahari hata mabati yanasalimu amri sembuse kitambaa. Nkampata fundi anayeshona viti vya matatu. Nkamwambia nataka kijivu, kimya, bila mambo mengi. Akaniangalia kwa huruma. Turubai likarudi kijivu kweli, lakini mishono zambarau, pembeni kaning'iniza vishada, na ndani kazungusha zile taa ndogondogo zinazobadilika rangi, ati hizo ni zawadi. Usiku nikifungua paa vijana wa mtaa wanauliza hii ni ya Mtwapa au inaishia Bamburi.

Na mishono inavuja, manake kila sindano ilipopita pana tundu. Kupima kama inavuja lazima umwagie maji, na mfereji wetu unatoka maji unapojisikia, kwa hivyo nikanunua madumu ya mkokoteni nikawa namwaga maji ya kununua juu ya paa, jirani kashika kichwa. Mishono yote tukaisugua kwa nta ya mshumaa, ndani nje, ikashika. Hiyo ndo kazi pekee katika hii habari ilofanyika vile nilivyosema mimi, na ilifanywa na mimi.

Siku hiyohiyo wakatokea jamaa wawili na kitabu cha risiti. Kibali cha biashara kiko wapi. Nkawaambia siuzi. Dirisha la nini basi? Nkawafungulia waone, karibuni, hakuna bidhaa humu, na mmoja akaingia akakaa, mimi kwa ukarimu nkamwonyesha jinsi meza inavyoshuka na viti vinavyogeuka kitanda. Akamwita mwenzake, "njoo uone, kumbe ni gesti."

Sasa mama mkwe. Gari ni singo kebi, mbele ni watu watatu tukibanana, na nafasi ya tatu mimi nilikuwa nimejiwekea ya kupumzishia kiwiko. Mama akasikia safari. Akaja "kuangalia tu." Akagonga ukuta wa chini, alumini, akatikisa kichwa, akagonga wa juu, haukulia.

"Huu ni wa nini?"

"Turubai, mama."

"Na mwaenda wapi?"

"Tsavo, mama."

Akacheka mpaka akashika mlango. "Tsavo walipojenga reli simba waliwatoa watu mahemani, nawe wanipeleka na kitambaa?" (Hapo ndo nilijua kumbe nampeleka.) Nkamwambia mama, hayo ni ya mwaka 1898, na wale simba wawili waliuawa mwaka huohuo, sasa hivi wako makumbusho Chicago, Marekani, ndani ya kioo, hawana neno na mtu. Na hii kempa imetoka Marekani hukohuko. Akanyamaza akapiga hesabu zake. "Kwa hivyo walituchukulia simba wakatupa kibanda."

Akapanga vitu vyake. Mkeka, birika, msala, dumu lake la maji kwa sababu ya Voi hayaamini, jiko na gunia la makaa kwa sababu gesi haiamini, na mimi nadhani sipo mbali kwenye hiyo orodha. Fundi wa Changamwe akaona gari limechuchumaa nyuma akasema dawa yake ni kuongeza bamba za springi. Nkamwambia bwana, springi zitainua gari tu, breki ni zilezile, ekseli ni ileile, mzigo linaoruhusiwa haubadiliki. Akaongeza. Na bamba za springi nazo ni chuma.

Nkasema tukapime yote pamoja tujue moja. Mizani ya kupandisha gari zima nilioipata ni ya wanunua vyuma chakavu, nkaingia na gari langu, mama watoto na mama yake wamekaa mbele kabisa wanataka kushuhudia. Yule kijana wa mizani hakuniuliza hata jina. "Alumini ina bei yake, chuma ina bei yake, mbao tutatoa." Nkamwambia mimi siuzi, nataka kujua kilo tu. "Na sisi twataka kilo tu." Akasoma. Tulikuwa tumezidi kwa kilo themanini na kitu. Nkageuka kwa ile kebi, nkasema kwa upole kabisa kwamba kuna kilo themanini hapa lazima zibaki Mombasa.

Kimya kikaingia mle ndani.

"Wamaanisha nini?" mama watoto akaniuliza.

Namaanisha maji, nkasema. Basi nkafungua koki pale pale kwa wanunua vyuma, maji ya mkokoteni, ya kununua, yote chini, tutajaza Voi. Kinu hakikushuka, mbuzi haikushuka, makaa hayakushuka. Kilo chache zilizobaki kijana akaniambia hata mizani yake huwa inazidisha, nami sikutaka kumbishia.

Ila kuna jambo moja Mmarekani alilihesabu na sisi tukalivuruga. Hilo paa la kusukumwa lilihesabiwa likiwa tupu. Sasa lina sola, na fundi akaona vizuri aweke na keria ya kuwekea jiko na gunia. Jana tumelijaribu. Mimi nasukuma mbele, mama watoto nyuma, mama mkwe yuko nje anatoa maagizo, paa limeinuka kiasi cha kupitisha mkono likarudi. Gunia tukalishusha, bado. Nkampigia fundi aje aitoe keria yake. Akaja na mwanafunzi wake, wakaweka mabega, likapanda mara moja, taa za zambarau zikawaka, akasema unaona, halina neno, linataka watu wanne tu.

Watu wanne. Na gari ni ya watatu.

Akasema nisijali, Ijumaa atapanda treni ya asubuhi Miritini tumkute Voi, paa atalifungua yeye, na jioni ya kurudi atalifunga, chakula ni chochote tutakachopika. Nauli nimeshamtumia. Kanipigia sasa hivi tena, ati sijaweka ya kutolea.