Unalipia kiti, si pilau

Kuna makala inayosema vifurushi vya VIP (tiketi inayouzwa pamoja na chakula, vinywaji na ukumbi wa kukaa) kwenye mechi za Ligi Kuu ya Uingereza ni ghali kwa sababu ya chakula na vinywaji. Hapo mwandishi wake kapotoka. Chakula ni pambo tu. Kinachouzwa ni uhakika wa kiti. Tiketi ya kawaida ya Arsenal au Liverpool inataka uwe mwanachama kwanza, halafu ubahatike kwenye droo, wakati kifurushi anapewa yeyote mwenye kadi ya benki. Cha kuangalia ni maandishi madogo chini ya bei: kama bei imetangazwa kabla ya VAT, ambayo kule ni asilimia 20, pauni 400 zinageuka 480 kwenye ukurasa wa malipo. Na hiyo bia ya "bure" isikudanganye. Sheria ya mwaka 1985 inakataza kunywa pombe ukiwa unaona uwanja wakati wa mechi, kwa hiyo glasi inabaki ndani ya ukumbi. Mapumziko ni dakika 15. Toa kupanda ngazi, toa foleni ya kaunta na ya choo (hii ndiyo ndefu), unabaki na mafunda mawili. Kwa anayetoka Dar au Nairobi, balaa ni televisheni: mechi ya Jumamosi inaweza kusogezwa Jumatatu usiku ili ionyeshwe, kifurushi kinahama nayo, tiketi ya ndege haihami. Kuna anayejua klabu inayorudisha hela tarehe ikibadilishwa?